Ufadhili wa Masomo kwa Wanajeshi wa Zamani katika Vyuo Vikuu Teule vya Marekani: Haki Zako na Mambo ya Kuhakiki

Mtu aliyelitumikia jeshi la Marekani kwa muda wote usiopungua miezi 36 tangu tarehe 11 Septemba 2001, na akaachiwa kwa heshima, ana haki ya kusomeshwa na serikali kuu kwa miezi 36. Haki hiyo ni mali. Kama mali nyingine, inaweza kutumiwa vizuri, inaweza kutumiwa vibaya, na wapo wafanyabiashara wanaoiwinda. Tofauti yake na mali nyingine ni kwamba mwezi uliokwisha kutumika kwa kawaida haurudi.

Makala hii inaeleza jinsi mwanajeshi wa zamani anavyoweza kuitumia haki hiyo katika vyuo vikuu teule, yaani vyuo vinavyopokea sehemu ndogo tu ya wanaoomba. Tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu sheria ya Marekani inawaruhusu wakaazi wa kudumu, wenye Green Card, kujiunga na jeshi hata kabla ya kupata uraia. Kwa hiyo zipo familia zilizotoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na kwingineko ambazo kijana wao amerudi nyumbani kutoka jeshini akiwa na haki hii mkononi, na wazazi wake hawana mtu wa kumuuliza. Tunawaandikia yeye na wao.

Haki yenyewe ni ipi

Sheria ya kwanza ya kuwasomesha wanajeshi waliotoka vitani ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, nayo ikajulikana kwa jina la GI Bill. Sheria inayotumika zaidi leo ilipitishwa mwaka 2008 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 2009. Huitwa Post-9/11 GI Bill, na inasimamiwa na Wizara ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo katika makala hii tutaiita Wizara.

Kwa mwenye haki kamili, sheria hii inalipa mambo matatu. La kwanza ni karo. Katika chuo cha umma, Wizara hulipa karo yote ya mkaazi wa jimbo. Katika chuo cha binafsi, hulipa hadi kikomo kinachobadilishwa kila mwaka. Kwa mwaka wa masomo ulioanza Agosti 2024, kikomo kilikuwa dola 28,937.09. La pili ni posho ya makazi ya kila mwezi, inayokadiriwa kwa gharama za mahali chuo kilipo. La tatu ni fedha za vitabu, zisizozidi dola 1,000 kwa mwaka. Malipo haya hayatozwi kodi ya mapato.

Kiwango cha haki hutegemea muda wa utumishi. Aliyetumikia siku 90 tu hupata asilimia 50. Kiwango hupanda kadiri muda unavyoongezeka hadi kufikia asilimia 100 kwa miezi 36. Aliyetunukiwa nishani ya Purple Heart, na aliyeachiwa kwa sababu ya ulemavu uliotokana na utumishi baada ya siku 30 mfululizo, hupata asilimia 100 bila kujali urefu wa utumishi wao.

Miezi 36 inatosha miaka minne ya masomo, kwa kuwa mwaka wa chuo una miezi tisa hivi. Zamani haki hii ilikufa miaka 15 baada ya mtu kuacha jeshi. Sheria ya Agosti 2017 iliondoa ukomo huo kwa wote walioachiwa tarehe 1 Januari 2013 au baadaye. Hivyo, ikiwa uliacha jeshi katika kipindi hicho, yeyote anayekuambia kwamba lazima ujisajili wiki hii ama sivyo utapoteza haki yako, hakuelezi ukweli.

Pengo la karo na mpango wa Yellow Ribbon

Vyuo teule vingi ni vya binafsi, na katika vingi vyake karo peke yake huzidi dola 60,000 kwa mwaka. Ukilinganisha na kikomo tulichokitaja, utaona kwamba GI Bill pekee hailipi hata nusu. Ili kuziba pengo hilo, sheria iliweka mpango uitwao Yellow Ribbon. Chuo kinachojiunga na mpango huu hukubali kusamehe sehemu ya karo iliyobaki, na Wizara huongeza kiasi kilekile, dola kwa dola.

Tuchukue mfano wa hesabu. Chuo kinatoza karo ya dola 68,000. Wizara inalipa 28,937. Linabaki pengo la 39,063. Chuo kikiahidi dola 15,000 kwa kila mwanafunzi wa Yellow Ribbon, Wizara nayo inatoa 15,000. Jumla ya msaada huo ni 30,000, na mwanafunzi anabaki kudaiwa dola 9,063 za karo. Chuo kingine chenye karo hiyohiyo kikiahidi kugharamia nusu yote ya pengo, Wizara hulipa nusu iliyobaki, na mwanafunzi hadaiwi chochote. Vyuo vyote viwili vitaandika katika matangazo yao kwamba vinashiriki Yellow Ribbon, na vyote vitakuwa vimesema kweli. Tofauti ya zaidi ya dola 36,000 katika miaka minne imo ndani ya takwimu ambazo tangazo halikuzitaja.

Kwa hiyo usiridhike na jibu kwamba chuo kinashiriki. Uliza mambo manne. Kwanza, chuo hutoa kiasi gani kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka? Pili, nafasi ni ngapi, au hazina ukomo? Mahali penye ukomo, nafasi hutolewa kwa kufuata aliyetangulia kuomba. Tatu, ahadi hiyo ni ya shahada ipi? Chuo hichohicho chaweza kuwa mkarimu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza na mchoyo kwa wanafunzi wa sheria au udaktari, au kinyume chake. Nne, je, kiasi hicho kilibaki vilevile katika miaka iliyopita?

Zaidi ya hayo, kumbuka kwamba Yellow Ribbon ni kwa wenye haki ya asilimia 100 peke yao. Aliyetumikia miezi 34 ana asilimia 90, naye hastahiki mpango huu hata kidogo. Aliye bado jeshini na anakaribia miezi 36 afikirie jambo hili kabla ya kuondoka, kwa sababu miezi miwili inaweza kuwa na thamani ya makumi ya maelfu ya dola.

Chuo cha umma chaweza kuwa teule pia

Baadhi ya vyuo vinavyoheshimiwa sana Marekani ni vya umma: Berkeley na Los Angeles katika mfumo wa Chuo Kikuu cha California, Chuo Kikuu cha Michigan, cha Virginia, cha Texas mjini Austin. Sheria ya mwaka 2014, iliyopanuliwa mwaka 2021, inavitaka vyuo vya umma vinavyowapokea wanafunzi wa GI Bill kuwatoza wanajeshi wa zamani waishio katika jimbo karo ya mkaazi, hata kama wamehamia humo karibuni. Maana yake ni kwamba mwenye asilimia 100 anaweza kusoma katika chuo cha namna hiyo bila kulipa karo na bila kuhitaji Yellow Ribbon.

Majimbo mengine yana misaada yake. Texas, kwa mfano, ina sheria ya Hazlewood inayowasamehe wanajeshi wa zamani wenye sifa karo ya hadi saa za masomo 150 katika vyuo vya umma vya jimbo hilo. Mwenye ulemavu uliotokana na utumishi aulize pia kuhusu mpango wa Wizara wa kuwarudisha watu kazini, ambao unaweza kulipa karo bila kikomo cha vyuo vya binafsi, mshauri wa Wizara akiridhika kwamba masomo hayo yanahitajika kwa kazi inayolengwa.

Milango ya kuingilia

Kwa miaka mingi idadi ya wanajeshi wa zamani wanaosomea shahada ya kwanza katika vyuo teule ilikuwa ndogo mno. Mwandishi Wick Sloane, aliyefundisha katika chuo cha jamii cha Bunker Hill mjini Boston, alikuwa akiviuliza vyuo hivyo mwaka baada ya mwaka vina wangapi, na vingi vilijibu kwa tarakimu moja. Fedha haikuwa sababu pekee. Wanajeshi wengi hawakuomba kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wangeweza kukubaliwa.

Hali hiyo imeanza kubadilika, na leo ipo milango iliyo wazi kwa mtu aliyevuka umri wa kawaida wa kuanza chuo. Shule ya General Studies ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iliundwa mwaka 1947, wakati wanajeshi waliotoka Vita Kuu ya Pili walipokuwa wakimiminika vyuoni, na hadi leo hupokea wengi wao. Yale ina mpango wa Eli Whitney kwa waliomaliza sekondari miaka 5 au zaidi iliyopita. Brown ina mpango wa kurejea masomoni unaowapokea pia waliolitumikia jeshi. Princeton, iliyokuwa imeacha kupokea wanafunzi wanaohamia kutoka vyuo vingine kwa karibu miaka 30, ilianza tena mwaka 2018, na ikataja wanajeshi wa zamani na wanafunzi wa vyuo vya jamii miongoni mwa wale inaowatafuta.

Kuna pia mashirika yasiyo ya faida yanayosaidia bila malipo. Shirika la Posse, lililoanzishwa mwaka 1989 kuwapeleka vijana vyuoni wakiwa katika makundi ili wasaidiane, lilifungua mpango wa wanajeshi wa zamani, na kundi la kwanza likaingia chuo cha Vassar mwaka 2013. Warrior-Scholar Project huendesha kozi fupi na nzito ndani ya vyuo vikuu ili kumzoeza mwanajeshi kusoma kwa uchambuzi na kuandika insha za kiwango cha chuo. Service to School humpa mwombaji mshauri, mara nyingi mwanajeshi wa zamani aliyepita njia hiyohiyo, wa kumsaidia kuandika maombi yake. Taasisi ya Pat Tillman, iliyopewa jina la mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyejiunga na jeshi na kuuawa Afghanistan mwaka 2004, hutoa ufadhili kwa wanajeshi, wanajeshi wa zamani na wenzi wao wa ndoa.

Tunasisitiza neno bila malipo. Mtu anayekutoza mamia ya dola ili akujazie maombi ya GI Bill anakuuzia kitu ambacho Wizara hukitoa bure kwa fomu fupi. Fomu ya msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi, FAFSA, nayo haina ada. Hata ada ya maombi ya chuo chenyewe, vyuo teule vingi humsamehe mwanajeshi wa zamani akiomba asamehewe. Kuuliza si ujinga.

Chuo cha jamii kwanza?

Baadhi ya wanajeshi huanzia chuo cha jamii kwa mwaka mmoja au miwili, kisha huhamia chuo teule. Njia hii ina faida: inampa mtu nafasi ya kuthibitisha kwamba anaweza masomo, na alama nzuri za huko zina uzito kuliko alama za sekondari za miaka kumi iliyopita. Lakini kuna uamuzi wa fedha wa kufanywa kwa makini.

Karo ya chuo cha jamii ni ndogo. Ukiilipa kwa GI Bill, unatumia miezi ileile ambayo baadaye ingelipa karo kubwa ya chuo cha binafsi. Ukitumia miezi 18 huko, utafika chuo teule ukiwa na 18 tu. Wenye kipato kidogo wanaweza kupata msaada wa serikali kuu uitwao Pell, ambao haurudishwi, ukatosha kulipa karo ya chuo cha jamii, na miezi yao ikabaki salama. Hasara yake ni kwamba asiyetumia GI Bill hapati posho ya makazi. Mwenye familia ya kulisha huenda asiweze kuikosa posho hiyo; asiye na wategemezi, au anayekaa kwa wazazi, huenda akaona ni busara kungoja. Hakuna jibu moja kwa wote. Kosa ni kuchagua bila kujua kwamba kuna kuchagua.

Aliyetumikia vipindi viwili tofauti na kustahiki mpango wa zamani wa Montgomery pamoja na huu mpya aombe Wizara ikague upya haki yake. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua tarehe 16 Aprili 2024, katika shauri la Rudisill, kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kufikisha jumla ya miezi 48.

Ufadhili unapougonga ufadhili

Si kila ufadhili unaoongezwa humwongezea mwanafunzi fedha. Sheria inasema kwamba msaada uliotolewa kwa ajili ya karo pekee hutolewa kwanza katika hesabu, ndipo Wizara hulipa kilichobaki. Shirika likikupa dola 10,000 na kuandika kwamba ni za karo tu, na karo yako ilikuwa italipwa yote na Wizara, basi Wizara itapunguza malipo yake kwa dola 10,000. Aliyenufaika ni Wizara. Shirika hilohilo likiandika kwamba fedha hizo ni za gharama za masomo kwa jumla, zikiwemo chakula, nauli na makazi, hesabu hubadilika. Kwa hiyo kabla ya kusaini barua ya ufadhili, soma kwa madhumuni gani umetolewa, na ikibidi umwombe mfadhili abadilishe maneno. Wafadhili wengi hukubali wakieleweshwa.

Jaza FAFSA hata kama unadhani GI Bill inatosha. Mwanajeshi wa zamani huhesabiwa kuwa anajitegemea, kwa hiyo serikali haiulizi mapato ya wazazi wake, na malipo ya GI Bill hayahesabiwi kuwa kipato. Hata hivyo, baadhi ya vyuo vya binafsi huuliza habari za wazazi kabla ya kutoa fedha zao wenyewe. Ikiwa wazazi wako wako ng'ambo au hamna mawasiliano, kieleze chuo mapema na kwa maandishi.

Gharama ambazo hazitajwi

Posho ya makazi hulipwa kwa siku za masomo tu. Likizo ya Desemba na miezi ya kiangazi, asiposoma, haina posho. Kodi ya nyumba haina likizo. Weka akiba mapema. Anayesoma yote kwa njia ya intaneti hupata posho iliyo sawa na nusu ya wastani wa taifa. Akiwa na angalau somo moja la darasani, hupata kiwango cha mahali chuo kilipo. Na anayesoma nusu ya mzigo wa kawaida au chini yake hapati posho kabisa.

Kuacha somo katikati ya muhula kunaweza kuleta deni. Wizara ikiwa imeshalipa, inaweza kudai irudishiwe sehemu ya karo na posho. Kabla ya kuacha somo lolote, zungumza na ofisa wa chuo anayethibitisha usajili wa wanufaika wa GI Bill. Mtu huyu ndiye anayeiambia Wizara unasoma nini na kwa gharama gani. Mjue kwa jina tangu wiki ya kwanza. Thibitisha usajili wako kila mwezi Wizara inapokuuliza, la sivyo posho itasimamishwa.

Malipo ya Wizara yakichelewa, chuo hakiruhusiwi kukutoza faini, kukunyima darasa au maktaba, wala kukulazimisha ukope, katika siku 90 tangu kilipothibitisha gharama zako, mradi umekipatia hati yako ya kustahiki. Hiyo ni sheria, si hisani ya chuo.

Tahadhari: wanaoiwinda haki yako

Kwa miaka mingi sheria ilivitaka vyuo vinavyoendeshwa kwa faida vipate angalau asilimia 10 ya mapato yao nje ya misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi. Fedha za GI Bill, ingawa zinatoka serikalini, zilihesabiwa kuwa za nje. Hivyo kila mwanajeshi aliyesajiliwa alikiwezesha chuo kusajili wanafunzi wengine tisa kwa fedha za serikali. Vyuo vya namna hiyo vilikuwa na sababu nzuri ya kumpigia mwanajeshi simu usiku na mchana. Bunge liliuziba mwanya huo mwaka 2021, na kanuni mpya ikaanza kutumika kwa miaka ya fedha iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 na baada yake. Lakini mazoea ya biashara hayafi kwa siku moja.

Mwaka 2012 kampuni ya QuinStreet, iliyokuwa ikimiliki tovuti ya GIBill.com, ilikubaliana na wanasheria wakuu wa majimbo 20 kulipa dola milioni 2.5 na kuikabidhi tovuti hiyo kwa Wizara. Tovuti ilionekana kana kwamba ni ya serikali, kumbe iliwaelekeza wanajeshi kwenye vyuo vilivyoilipa kampuni. Mwezi Aprili 2015 vyuo vya Corinthian vilifungwa. Septemba 2016 vikafungwa vya ITT Technical Institute. Maelfu ya wanajeshi wa zamani walikuwa humo, wametumia miezi yao, na krediti zao nyingi hazikukubaliwa kwingine. Sheria ya 2017 iliwaruhusu waliofungiwa vyuo warudishiwe miezi yao, lakini umri uliopita haukurudishwa.

Ishara za hatari ni hizi:

- Msajili anakuharakisha usaini leo, au anakupigia simu mara kwa mara baada ya kumkatalia.
- Anakuhakikishia kazi au kiasi cha mshahara baada ya kuhitimu.
- Anasema krediti zako zitapokewa na chuo chochote. Chuo kinachopokea ndicho kinachoamua, si kile unachotoka.
- Anakushauri uchukue mkopo wa binafsi wa chuo chenyewe wakati GI Bill ingetosha.
- Jina la tovuti au nembo yake linafanana na la serikali, lakini anwani yake haiishii kwa .gov.

Wizara ina chombo cha bure katika tovuti yake cha kulinganisha vyuo. Kinaonyesha kiasi ambacho GI Bill ingelipa katika kila chuo, kiwango cha Yellow Ribbon, na malalamiko yaliyopokelewa kuhusu chuo hicho. Fungua ukurasa wa chuo unachokifikiria kabla ya kuzungumza na msajili wake.

Hatua za kufuata

1. Tafuta hati yako ya kuachiwa, fomu ya DD 214, na uhakikishe aina ya kuachiwa iliyoandikwa. GI Bill hii inataka kuachiwa kwa heshima. Ukiamini umeandikiwa isivyo haki, una haki ya kuomba irekebishwe.
2. Omba Wizara hati ya kustahiki. Itaonyesha asilimia yako na miezi iliyobaki.
3. Agiza hati ya mafunzo yako ya kijeshi. Jeshi la nchi kavu, wanamaji, Marine na walinzi wa pwani hutumia hati moja ya pamoja. Waliokuwa jeshi la anga huipata kwa chuo cha jamii cha jeshi hilo. Uliza kila chuo kitazipokea krediti ngapi.
4. Andika orodha ya vyuo, kikiwemo angalau kimoja cha umma katika jimbo lako, na kwa kila kimoja andika karo, kiwango cha Yellow Ribbon na idadi ya nafasi.
5. Omba msaada wa mashirika tuliyoyataja mwaka mzima kabla ya tarehe unayotaka kuanza.
6. Ukikubaliwa, taka barua ya gharama na misaada kwa maandishi. Ahadi ya simu si ahadi.
7. Hifadhi nakala ya kila kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa aliye bado jeshini na angependa kumwachia mwenzi au mtoto haki hii: uhamisho huo huombwa ukiwa ungali katika utumishi, baada ya miaka 6, na kwa kawaida kwa kukubali kutumikia miaka 4 zaidi. Ukishavua sare, mlango huo umefungwa. Tunapokea maswali mengi juu ya jambo hili kutoka kwa watu waliochelewa.

Tatizo likitokea

Ukidanganywa, ukitozwa isivyo halali au chuo kikikataa kufuata sheria, anza na ofisa wa chuo anayeshughulikia GI Bill, kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Wizara kupitia mfumo wake wa maoni ya wanafunzi, kwa wakala wa jimbo unaoidhinisha vyuo kupokea wanajeshi wa zamani, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Udanganyifu wa matangazo unapelekwa pia kwa Tume ya Biashara ya Serikali Kuu. Unaweza kumwomba mtu anayejua Kiingereza akusaidie kuandika, na ofisi nyingi za umma hutoa mkalimani bila malipo ukiomba. Taja tarehe, majina ya uliozungumza nao na kiasi cha fedha, na uambatishe nakala, si hati asilia.

Lalamika hata kama unadhani kiasi chako ni kidogo. Maelezo ya wanajeshi mmojammoja kuhusu yaliyowapata yanaweza kusaidia kujenga ushahidi dhidi ya kampuni kama ile tuliyoitaja.